Mzee wa Taarifa Anatembea Tu

Kuku walikuwa wakimpita. Sitanii. Mtaani kwetu Mtanda, pale Lindi mjini, jioni baada ya sala ya alasiri, ungemwona mzee mrefu mwembamba juu ya baiskeli nyeusi, akiyumba kushoto na kulia ili asianguke, maana baiskeli ikienda polepole kiasi kile inataka kulala. Kuku wakikatiza barabara, yeye ndiye aliyewasubiri wapite. Mgeni akiuliza yule mzee anakwenda wapi, watoto walimjibu kwamba haendi popote, anatembea tu.

Ukoo wake siujui sawasawa, na alikozaliwa sikuwahi kuuliza. Nilipopata akili nilimkuta yupo. Sote tulimwita Mzee wa Taarifa, na jina hilo hatukulitamka kwa furaha, kwa sababu taarifa aliyokuwa akiipeleka ilikuwa moja tu. Mtu akifa Lindi, au mtu wa Lindi akifia mbali na habari ikafika msikitini, imamu alimwita yeye. Hakuwa akilipwa. Riziki yake ilikuwa kushona magunia kwenye ghala la korosho, na msimu wa korosho ulipokwisha alikuwa akishona chochote kinachoshoneka. Kazi ya kupeleka taarifa alipewa kwa kuwa zamani, wakati wa Mwingereza, yeye ndiye aliyekuwa na baiskeli mtaani kwao Ndoro, na maiti hasubiri. Wengine waliponunua baiskeli zao, kazi ilikuwa imeshamganda.

Alikuwa na namna yake ya kuifanya. Barabarani alikwenda mbio, kanzu kaikunja mpaka magotini, lakini nyumba ya tatu kabla ya ile anayokwenda alishuka, akaishusha kanzu, akaikokota baiskeli. Kengele hakuipiga. Alisimama mlangoni, akapiga hodi kwa sauti ya chini, akamtaka mkubwa wa nyumba. Kisha alisema neno moja: "Nimetumwa." Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi, ila jina. Hakuketi, hata akiwekewa kiti. Hakunywa maji. Alisimama palepale mpaka kile kilio cha kwanza kimepita, ndipo akasema mazishi ni baada ya sala gani, na akauliza nani atakaa na mfiwa. Asipopata jibu, alikwenda kumwita jirani yeye mwenyewe.

Sasa fikiria mji mzima umemzoea mtu kwa sura hiyo. Mkesha wa Uhuru, wakubwa wa chama walifikiri: nani anaijua kila nyumba ya Lindi? Wakamtuma Mzee wa Taarifa azunguke kuwaambia watu wakusanyike uwanjani jioni, kuna ngoma na kuna bendera. Yeye akaona huo ndio utume wa heri aliousubiri maisha yake yote. Akavaa kanzu yake mpya, akatoka mbio. Alipofika Rahaleo wanawake walishaweka mikono kichwani kabla hajafungua mdomo. Mama mmoja alizirai. Nyumba nyingine walifunga mlango na kumjibu kwa ndani kwamba hawapo. Kufika magharibi, nusu ya mtaa wa Mikumbi walikuwa wamejaa nyumbani kwake Ndoro, kanga zimefungwa viunoni, na sufuria za kupikia matangani, wakiuliza maiti ni nani. Mkewe aliwaambia hapa hakuna maiti, kuna Uhuru. Walikataa kuondoka mpaka mwenyewe arudi. Wazee wa Lindi wakiusimulia Uhuru wao, wengi wanaanzia na kichekesho hicho, na yeye mwenyewe aliposikia kikisimuliwa alicheka mpaka akakohoa. Lakini nadhani kilimchoma. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, hata siku ile? Hata siku ile jamani?"

Jina langu ni Zuhura, lakini yeye aliniita Mwalimu tangu nilipotoka chuoni na kupangiwa shule ya Kilangala. Ijumaa nilikuwa nikidandia lori la kurudi mjini kumwona mama, na mara nyingi mtu wa kwanza kukutana naye nikishuka alikuwa ni yeye, kwa sababu mtu anayekwenda polepole vile unakutana naye kila mahali.

Aliiacha ile kazi miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Alisema baiskeli haikumshinda, kilichomshinda ni kutafuta. Zamani aliijua kila nyumba mpaka Mitwero na Mingoyo, ule mnazi na ile njia ya panya. Sasa anafika, anakuta kiwanja na mawe matatu ya jiko, watu wamekwenda kwenye kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zote zimepangwa mstari na zote zinafanana. Mara moja alisema "Nimetumwa" kwenye nyumba ambayo siyo. Wale watu walilia na kugaragara kabla ya kugundua kwamba huyo marehemu hawamjui. Alirudi kwa imamu, akasema, "Tafuteni kijana." Kijana akapatikana, mwenye mapafu na haraka.

Na hapo ndipo baiskeli yake ya raha ilipoanza. Alikuwa ameshapita umri ambao wenzake walikaa barazani kuhesabu maumivu ya magoti. Alikuwa na nia moja, na hakuificha kwa mtu. Alitaka kukaribishwa. Alitaka kufika kwenye mlango wa mtu, mtu amwone, afurahi, aseme karibu Mzee, aketi, apewe kikombe cha chai kama watu wengine. Alikuwa ameshafika nyumba zote za Lindi, na hakuna hata moja aliyowahi kuketi. "Sitaki kufa," alisema, "watu wakashusha pumzi."

Kwa hiyo alianza kuufunza mji upya. Kanzu aliiacha kwa Ijumaa, akavaa shati la kitenge lenye mananasi makubwa ya manjano. Baiskeli aliifunga kengele mbili, na maua ya plastiki kwenye usukani. Kwenye keria alifunga kikapu na ndani yake hamkuwa na kitu, ila alisema mtu mwenye kikapu anaonekana anatoka sokoni. Na ule mwendo wa kuku nao ulikuwa na maana yake. Nilimuuliza kwa nini asikanyage kidogo, akanijibu, "Nikienda mbio, mtu anaanza kuhesabu ndugu zake." Akifika mwanzo wa mtaa alipaza sauti, "Wazima wote! Wazima wote jamani, natembea tu!" Watoto walimfuata wakiitikia. Mwanzoni watu waliokuwa na wagonjwa ndani walimchukia kwa kelele hizo, halafu wao ndio wakawa wa kwanza kuzipenda. Bi mmoja wa Ndoro aliyekuwa na mwanawe jeshini aliniambia kwamba siku asiposikia ile "wazima wote" chakula hakishuki.

Alikuwa na kasoro zake, tusimpake mafuta. Mtu aliyeweza kusimama mbele ya kilio cha aina yoyote alikuwa akiwaogopa mbuzi. Mbuzi mmoja tu njiani, anageuza baiskeli. Alikuwa mbishi wa bao na mwizi wa kete mchana kweupe. Mlima wa Mtanda alikuwa akiupanda kwa baiskeli, ulimi nje, watu wanamhurumia, halafu kushuka alishuka kwa miguu, akiikokota, breki nzima. Watu walidhani kachanganyikiwa. Sababu ilikuwa ni ileile ya ndugu kuhesabiwa. Na alipenda sifa. Ukimwambia shati zuri, alikuzungukia mara mbili ulione na mgongoni.

Siku hizo pia haikuwa rahisi mtu mzima kutembea bure. Kila redio ilikuwa ikisema kazi, kila mkutano kazi, na mgambo waliwakamata mjini watu wasio na shughuli wapelekwe mashambani. Siku moja mgambo wawili wageni walimsimamisha karibu na soko.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Kutembea, wanangu."

"Kazi yako nini?"

"Nilikuwa nayo. Nimeiacha, hamtaipenda."

Wakaona huyu ana jeuri. Wakampeleka ofisini kwa katibu, yeye na baiskeli yake na mananasi yake. Katibu alikuwa mtu wa Pande, ana mama yake mzee huko, na alikuwa Lindi miaka ya kutosha. Aliinua kichwa kutoka mezani akamwona Mzee wa Taarifa amesimama mlangoni. Akasimama, kalamu ikaanguka. "Ni nani?" akasema. "Ni mama? Niambie tu Mzee, ni mama?"

"Wazima wote," akajibu Mzee. "Nimekamatwa."

Katibu alikaa chini, akafunika uso kwa mikono miwili, na wale mgambo hawakujua wacheke au wapige saluti. Mwishowe aliagiza chai. Hiyo ilikuwa chai yake ya kwanza kwenye ofisi ya serikali, na aliitaja mpaka ikachosha. Kuanzia hapo hakuna mgambo aliyemuuliza tena. Milango nayo ilianza kufunguka mmoja baada ya mwingine, Ndoro, Mikumbi, Rahaleo. Alikunywa chai nyingi sana mwaka ule. Kila nikikutana naye alinipa habari: leo nimeketi kwa fulani, leo kwa fulani wamenipa na kitumbua.

Mlango ambao haukufunguka ulikuwa wetu.

Baba alikuwa utingo wa lori. Walikwenda kuchukua mzigo Kipatimu, kule kwenye milima, msimu wa mvua, lori likapinduka. Wakamzika hukohuko siku ileile, kama sheria inavyotaka, na habari ilifika Lindi baba akiwa keshalala kaburini. Mimi nilikuwa darasa la saba. Mama alikuwa uani akipeta mchele, mvua inanyesha, akamwona yule mzee mlangoni na kanzu imelowa. "Nimetumwa." Kaburi tulikuja kuliona baada ya miezi, barabara zilipokauka. Kwa hiyo kwa mama, baba hakufa Kipatimu. Alifia pale mlangoni kwetu, kwenye mdomo wa mtu yule.

Tangu siku hiyo mama akimwona kwa mbali alikusanya ukili wake, maana alikuwa akisuka mikeka barazani, akaingia ndani na kufunga mlango. Shati la mananasi halikumbadilisha. Mzee naye alilielewa jambo hilo. Mtaa mzima alipita akipaza sauti, lakini akikaribia kwetu alinyamaza, akainua mkono tu mbele ya mlango uliofungwa, akapita. Kila jioni. Nikiwa nyumbani niliuona ule mkono kupitia dirishani, na nilikuwa nikiumia.

"Mwalimu," aliniambia siku moja sokoni, "nyumba yenu tu ndiyo imebaki. Silaumu. Lakini nisikufiche, inaniuma."

Nikampelekea mama maneno hayo. Hakunyanyua macho kwenye ukili.

"Mie najua hakumuua," akasema. "Usinifanye mjinga. Lakini mdomo wake ndio ulioniambia."

"Mama, angetumwa mwingine ungemchukia mwingine."

"Basi ningemchukia mwingine. Hakutumwa mwingine."

Mama yangu alikuwa hivyo. Ukimvuta anarudi nyuma. Nikaacha.

Kilichombadilisha sicho nilichokitarajia. Dada yake, mama yangu mkubwa, alifariki huko Pande. Mtu aliyeshuka kwenye basi aliileta habari msikitini, na kijana yule mpya akatumwa kwetu. Ilikuwa Jumamosi, mimi nipo. Kijana alikuja kasi, akafunga breki mbele ya baraza mpaka vumbi likatuingia machoni, na hakushuka. Mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, akasema, "Mama Zuhura, dada yako wa Pande amefariki, wanazika leo alasiri, poleni sana, nina nyumba nyingine tano." Mama akauliza, "Nani?" Akauliza tena, "Nani?" Lakini kijana alikuwa ameshafika kwenye kona. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na kweli alikuwa na nyumba nyingine tano.

Mama alibaki amesimama barazani. Hakulia mara moja. Aliangalia kule kijana alikokwenda, halafu akaangalia pale mlangoni, mahali patupu. Nilimshika nikamwingiza ndani, majirani wakaja, matanga yakapita kama matanga yanavyopita. Usiku wa hitima, tulipobaki wawili tukiosha vyombo, akasema kama anayezungumza na sufuria, "Yule mzee alisimama."

"Mzee gani?"

"Siku ya baba yako. Nilimpiga, unajua? Nilimpiga ngumi hapa kifuani. Akasimama tu. Halafu akatoka kwenye mvua akamwita mama wa nyumba ya pili aje kunishika." Akasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Nimekaa miaka yote hii sikulikumbuka hilo."



Ijumaa iliyofuata niliposhuka kwenye lori nilikuta nyumba inanukia mkate wa kumimina. Siku hizo sukari ilikuwa ya foleni, unasimama duka la ushirika toka alfajiri na unaweza kurudi na mfuko mtupu. Mama alikuwa ametumia ile aliyoiweka kwa ajili ya Mwezi wa Ramadhani. Nilipomuuliza kuna nini, aliniambia nisiulize maswali ya kishule, nitandike mkeka barazani. Alasiri ikasaliwa. Akajifunga kanga mpya, akakaa mlangoni kwenye kiti kifupi, mikono mapajani, hasuki wala hafanyi chochote. Tukasikia kelele za watoto zinakuja na mtaa, halafu karibu na kwetu zikanyamaza, maana watoto nao walikuwa wamezoea kunyamaza pale.

Mzee alitokea, akayumba, akainua mkono kama kawaida kuelekea mlangoni. Akaona mlango uko wazi na mtu amekaa.

"Kwetu ni njia ya kupita tu?" mama akasema. "Shikamoo Mzee. Karibu."

Nilidhani ataanguka. Gurudumu la mbele lilikwenda upande wake na yeye upande wake. Akashuka, akaegemeza baiskeli ukutani, ikaanguka, akaiinua, ikaanguka tena, nikaishika mimi. "Marahaba," akasema, na akarudia, "Marahaba, mwanangu." Akavua kofia, akaivaa tena. Akaketi kwenye mkeka taratibu sana, kwanza goti moja, halafu la pili.

Mama alimmiminia chai mwenyewe, akamkatia mkate. Walizungumza mambo ya bei ya ukili na mvua za vuli. Mzee alikula kwa adabu kubwa, akiokota kila chembe. Kisha mama akauliza, kwa sauti ileile ya kuzungumzia ukili:

"Siku ile ulirudi vipi?"

Hakumuuliza siku ipi. Aliweka kikombe chini.

"Kwa miguu."

"Baiskeli si ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Niliikokota."

"Iliharibika?"

"Ilikuwa nzima." Akapangusa ndevu. "Mwanangu, kutoka nyumba moja kwenda nyingine nilipanda, kwa kuwa maiti hasubiri. Lakini taarifa ikishaniishia, kurudi kwangu sikuwahi kupanda. Nilijaribu zamani, siku za mwanzo. Nikainua mguu, nikakaa kitini, nikajiona kama mtu anayetoka harusini. Nikashuka. Tangu hapo nilikokota."

"Hata kutoka Mitwero?"

"Hata kutoka Mingoyo. Mingoyo niliingia nyumbani asubuhi yake."

 Mimi nilikuwa nikifikiri kwamba mji mzima tulimjua mtu huyu akija, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtazama akiondoka. Nani anamtazama mleta msiba akiondoka?

"Na mvua ile," mama akasema.

"Na mvua ile."

Mama akalia, kwa utulivu, machozi yanashuka tu, na Mzee hakusimama safari hii. Alikaa naye palepale kwenye mkeka mpaka alipomaliza. Nilimpenda sana saa ile, na sioni haya kulisema.

Jua lilipoanza kupoa akaaga. Akaishika baiskeli, na kwa mazoea akaanza kuikokota kuelekea barabarani.

"Unakwenda wapi na hiyo?" mama akaita. "Si upande?"

Akageuka akamtazama, kama anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Panda hapo hapo," mama akasema. "Nataka kukuona."

Akapanda mbele ya mlango wetu. Mara ya kwanza mguu haukufika, mara ya pili ukafika. Akakanyaga, akaondoka kwa ule mwendo wake, na mama akasimama barazani akimsindikiza kwa macho. Ilichukua muda mrefu, maana mzee alikuwa hana haraka kabisa. Mama alisimama mpaka alipopotea kwenye kona, ndipo akanigeukia.

"Ule mkate uliobaki usiuguse," akasema. "Ni wake wa kesho."